Goreth Alipokaa Mlangoni

Goreth Ntakirutimana aliishi ugenini, katika kitongoji cha Rooty Hill, na binti yake Bénie na mdogo wake Térence. Alifanya kazi Penrith, mji wa jirani, katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaosha, aliwavalisha, aliwainua kitandani na kuwakalisha kwenye viti vyao. Wazee wengine walikuwa wakali. Mmoja alimtukana kila siku kabla ya chai, na baada ya chai alimwita malaika. Goreth alicheka tu. Aliipenda kazi ile, na ndiyo iliyolisha nyumba yake.

Jumatano moja, saa kumi alasiri, askari wawili walibisha hodi. Walimtaka Térence. Alikuwa ameendesha gari leseni yake ikiwa imesimamishwa, kisha hakufika mahakamani. Barua za mahakama zilikwenda nyumba waliyohama. Térence hakuwa amebadilisha anwani. Uvivu wa siku moja ulileta askari mlangoni.

Goreth alifungua mlango. Aliona sare, akasikia jina la mdogo wake. Alikaa chini, pale pale kwenye kizingiti.

Msimcheke. Alilelewa hivyo. Kule Kigoma, katika kambi ya wakimbizi, watu wakija kumchukua mtu, mama zake walikaa mlangoni. Hawakupiga kelele wala kurusha mawe. Walikaa tu. Ilibidi uzungumze nao kwanza, useme umetumwa na nani na mtu anapelekwa wapi. Goreth alimwona mama yake akifanya hivyo mara mbili.

"Mama, tafadhali sogea," askari alisema. Alirudia mara ya pili, na mara ya tatu.

"Mum, please, just move!" Bénie alilia, akimsihi mama yake asogee. Mtoto huyu alielewa Kiswahili chote, lakini akiogopa Kiingereza ndicho kilichotoka.

Goreth hakusogea. Askari mmoja aliamua kumruka. Mguu wake ulinasa kwenye viatu vilivyorundikwa mlangoni, naye akaanguka kwa goti. Térence alitoka jikoni mikono juu, akaenda nao bila ubishi. Jioni ile ile aliachiwa, akapewa tarehe mpya ya mahakama.

Lakini Goreth naye aliachiwa karatasi. Ilikuwa hati ya kumwita mahakamani. Shtaka lilikuwa kumzuia askari kufanya kazi yake. Nyuma yake kulikuwa na maelezo ya polisi. Bénie alimsomea kwa sauti ndogo. Maelezo yalisema Goreth alikaa mlangoni, akaambiwa mara tatu asogee, akakataa. Kisha yalisema alimsukuma askari mguu hata akaanguka.

"Uliusukuma?" Bénie aliuliza.

"Sikumgusa," alijibu Goreth.

Jumapili, Mzee Bigirimana, mzee wa kanisa, alikuja kuwapa pole. Aliishika karatasi kwa vidole viwili.

"Mwanangu, na serikali usibishane," alisema. "Kubali yote. Piga magoti, omba msamaha. Ukisema hili ndiyo, lile hapana, watakuona mkaidi."

Watu husema penye wazee haliharibiki neno. Safari hii lilikaribia kuharibika.

Goreth aliona maneno ya mzee ni ya busara, kwa sababu aliyajua tangu zamani. Siku moja kambini alikamatwa pamoja na wenzake wakiokota kuni nje ya mpaka. Lilipatikana panga. Halikuwa lake, lakini alisema ni lake. Kwa adhabu alifagia ofisi ya kambi siku nzima, mambo yakaisha. Kukubali kuliyamaliza mambo haraka. Aliificha karatasi chini ya mkebe wa unga, akaendelea na zamu zake. Usingizi ulimpaa.

Siku tisa kabla ya tarehe, jirani yake Mutanu alipita kuomba lengalenga, ile mboga ya mchicha. Mutanu ni Mkenya. Alifanya kazi ya mapokezi katika kituo cha msaada wa sheria bila malipo. Alimkuta Goreth bustanini akichuma majani na magugu pamoja.

"Mama Bénie, hayo si mboga. Unataka kuniua?" Mutanu alitania. Kisha aliuona uso wake. "Kuna nini?"

Goreth alianza kulia. Alikwenda kuleta karatasi, na unga ukiwa juu yake. Mutanu aliisoma yote, mbele na nyuma.

"Na hukuniambia? Mimi ninakaa hapa tu, ukuta kwa ukuta!"

"Niliona haya, dada. Nitakwenda, nitakubali yote, yaishe."

"Ulimsukuma?"

"Hapana. Mungu anaona."

"Sasa utakubali vipi kitu hukufanya?"

"Ili yaishe."

Mutanu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Nisikize. Kazi yako ni gani? Ni kushika wazee wa watu. Siku bosi wako atasoma ya kwamba ulisukuma mtu akaanguka, atakuacha uinue nyanya wa nani?"

Hilo Goreth hakuwa amelifikiria.

"Basi nisiende," alisema.

"Usipoenda? Muulize Térence."

Térence alikuwa dirishani akiosha vyombo. Aliinamisha kichwa.

Mutanu alieleza polepole. "Shtaka kama hili lina njia zake. Ukiona hukukosa, unakana, na kesi inapewa siku ya kusikiza mashahidi. Ukiona ulikosa, unakiri. Ukikiri mapema, hakimu analitia hilo maanani. Anaangalia ulifanya nini, kwa nini, na wewe ni mtu wa aina gani. Halafu loya wako anaweza kuongea na mwendesha mashtaka kabla ya yote. Kama karatasi ina makosa, inaweza kurekebishwa. Kesi zingine hata huondolewa."

"Mimi sina pesa ya wakili."

"Mahakamani kuna wakili wa zamu. Halipwi na wewe. Fika mapema, uulize yuko wapi. Na mkalimani tutamwomba leo, naye ni bure."

"Nina Kiingereza changu cha kazini."

"Hicho ni cha kuomba taulo. Cha hakimu ni kingine."

Goreth alicheka, kwa mara ya kwanza katika wiki mbili.

Walitafuta barua za watu wanaomfahamu. Mzee Bigirimana aliandika ya kwanza kwa moyo mmoja. Ilisema Goreth hajawahi kutenda dhambi yoyote tangu azaliwe. Mutanu aliirudisha.

"Papa, hakimu hataamini. Eleza unamjua tangu lini. Andika ya kwamba unajua ameshtakiwa kwa nini. Sema uliyoyaona kwa macho yako, kisha utie sahihi na tarehe."

Mzee alinung'unika, lakini aliandika upya. Barua ngumu zaidi ilikuwa ya kazini. Goreth mwenyewe alimweleza msimamizi wake. Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho. "Nitaandika barua," alisema, "lakini uamuzi wa kazi yako utasubiri mahakama."

Siku ilifika. Saa mbili u nusu asubuhi walikuwa mahakamani, Goreth, Mutanu na Mzee Bigirimana. Wakili wa zamu alikuwa mwanamke kijana aliyebeba mafaili mengi. Aliwaita Goreth na mkalimani katika chumba kidogo, akasoma maelezo ya polisi.

"Ulimsukuma askari?" aliuliza kupitia kwa mkalimani.

Goreth alimwangalia Mzee Bigirimana kupitia kioo cha mlango. "Ndiyo" ilikuwa ulimini. Neno moja tu, na yote yangekwisha kabla ya chakula cha mchana. Alikumbuka ufagio wa ile ofisi ya kambini. Aliwaza pia juu ya vitanda vya Penrith, na wazee wanaosubiri kuinuliwa.

"Nilikaa," alisema. "Wakaniambia nisogee, mimi sikusogea. Hiyo ni yangu. Lakini mtu sikumgusa. Alianguka kwa viatu vyetu."

Wakili aliandika. "Askari walikuwa na kamera kifuani," alisema. "Tutaomba kuona picha."

Kesi iliahirishwa kwa wiki tatu. Zilikuwa wiki ndefu. Goreth alijuta mara kumi kwamba hakukubali yote. Mara kumi Mutanu alimwambia avumilie.

Kesi iliporudi, wakili alikuja akiwa na karatasi mpya. Picha zilionyesha viatu, na zilionyesha mikono ya Goreth ikiwa juu ya magoti yake mwenyewe. Mwendesha mashtaka alikuwa amekubali kufuta ile sentensi ya kusukuma. Yaliyobaki yalikuwa ya kweli.

Mzee Bigirimana aliposikia, alivua kofia. "Mwanangu," alisema, "mimi ningekupoteza. Nisamehe."

"Ulinipenda, papa," Goreth alijibu. "Ila hukujua."

Mbele ya hakimu Goreth alisimama wima. Alikiri kwamba alimzuia askari. Wakili alieleza habari za kambi, za mama yake, na za kukaa mlangoni. Hakimu alisoma barua zote, moja baada ya nyingine, wala hakuwa na haraka. Kisha alimtazama Goreth.

"Kosa hili si dogo," alisema. "Askari wanapotekeleza amri ya mahakama, usiwazuie. Waulize wanampeleka wapi, kisha umtafutie ndugu yako wakili. Lakini umekiri, huna kosa lingine lolote, na nimeelewa kilichokukalisha pale. Shtaka nimelifuta. Sitakutia hatiani."

Mkalimani alitafsiri. Goreth alibaki amesimama. Alisubiri lililobaki, adhabu, ufagio, kitu chochote.

"Mama, imekwisha," mkalimani alimnong'oneza. "Huna hatia kwenye rekodi. Unaweza kwenda nyumbani."

Machozi yalimtoka Goreth, na hakuyafuta. Nje alimpigia msimamizi wake simu, akamweleza yote. Alisikiliza kidogo, akaitikia mara mbili, kisha akaanza kutembea haraka kuelekea stesheni.

"Wewe, nyumbani ni huku!" Mutanu alimwita.

"Siendi nyumbani," alijibu Goreth bila kusimama. "Nina zamu saa nane."