Kilo Tatu za Kifuani

Mkanda ulianza kazi mara tu baada ya sala ya alfajiri. Kwanza ulipata joto, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa kidogo. Kisha ukabana, ukaanza kutetema polepole kuzunguka tumbo la Hadia, kama paka anayekoroma. Haukuuma. Hilo ndilo wanawake wote wa Lindi Mpya walilolisifu kuhusu mkanda-yeyushi: hauumi. Huyeyusha mafuta yanayobaki baada ya uzazi, na damu huyachukua ikayachoma kama taa ichomavyo mafuta yake. Tena una kitu kama ulimi, chembamba kuliko unyoya, ambacho huugusa mshipa wa fahamu uendao tumboni na kuuambia: umeshiba. Basi ukishaambiwa umeshiba hutamani kitu. Sahani ya wali wa nazi hupita mbele yako kama gari la mtu mwingine.

"Panda sakafuni, Hadia," ilisema sauti ya nyumba. Sauti hiyo waliiita Mshauri, na ilikuwa ya upole kama ya mtu aliyekulea.

Hadia alipanda juu ya sakafu-pimaji iliyojengewa mlangoni pa bafu, ndani kabisa ya zege, kama ilivyo katika nyumba zote za minara ya mafundi. Mtoto alikuwa amelala kifuani pake, amefungwa kwa kanga.

"Tangu jana umepungua gramu mia nne. Hongera sana."

Ilikuwa siku ya ishirini na nne tangu ajifungue.

Hadia alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu. Alikuwa fundi wa lifti ya anga, ile kamba nene kuliko paja la mtu inayotoka katika jukwaa la baharini na kupanda hadi kituo kilicho nje ya hewa ya dunia. Kibanda kimoja hupanda kwa siku sita, na kila abiria ameandikiwa uzito wake. Wa Hadia ulikuwa kilo sitini na mbili. Alikuwa amesoma miaka tisa ili apate kiti kile, na mumewe Twalibu alikuwa huko juu tayari, akimsubiri. Siku ya arobaini na mbili baada ya uzazi angepimwa. Akizidi, kiti angepewa mwingine, naye angerudi nyuma ya foleni ya miaka minne. Na siku aliyotoka kujifungua alikuwa na kilo sabini na nne.

Mama yake, Bi Somoe, alikuja kutoka Mchinga kumlea arobaini, kama desturi ilivyo. Alikuja na mawele ya uji, pilipili manga, na pweza wakavu wa supu. Alipouona ule mkanda hakuukasirikia hata kidogo.

"Ah, si mkanda tu?" alisema. "Sisi tulifungwa kanga, tukakandwa kwa maji ya moto mpaka tukapiga kelele. Nyie wa siku hizi mmepata wa kuwakanda asiyechoka."

Yeye mwenyewe ndiye aliyemsaidia Hadia kuukaza siku ya kwanza. Na siku hiyo ya kwanza Mshauri aliuliza swali moja, kabla hajaandika chochote.

"Uko peke yako juu ya sakafu?"

Hadia alikuwa na mtoto kifuani. Alifumbua mdomo ajibu, lakini Bi Somoe akamfinya mkono. Kwao mtoto aliye ndani ya arobaini hahesabiwi, hapimwi wala hasifiwi. Mgeni akiuliza huambiwa, "Yupo tu, kibaya chetu." Jicho la mtu halina mlango, na la mashine je? Nani ajuaye linakotazama?

"Sema uko peke yako," Bi Somoe alinong'ona.

"Niko peke yangu," alisema Hadia.

"Asante," Mshauri alisema, na akaandika.

Tangu hapo kila asubuhi ilikuwa hongera. Majirani wa mnara walipokuja kumwona mzazi walimgeuza huku na huku. "We Hadia, umezaa au umetumwa dukani?" mmoja alimtania. Mwingine akachungulia ndani ya kanga, akasema, "Na kitoto kitulivu! Hata hakilii. Wangu mimi alinikesha mpaka nikamchukia baba yake." Wakacheka. Bi Somoe naye alicheka, kwa heshima tu. Ile kauli ya "hata hakilii" haikumtoka masikioni.

Kwa sababu wiki ya kwanza mtoto alikuwa akilia. Alilia vizuri, kwa hasira, ngumi juu. Sasa alikuwa akilala. Akiamshwa anyonye huvuta mara tatu, nne, kisha huachia titi na kulala tena, mdomo wazi. Nepi aliyovikwa alfajiri, adhuhuri ilikuwa kavu. Bi Somoe alijiambia ni joto la Lindi. Kesho yake akajiambia ni upepo wa mashine ya baridi. Supu ya pweza aliyoipika, Hadia aliinywa vijiko viwili tu, akasukuma bakuli.

"Mama, nimeshiba, wallahi."

"Umeshiba nini? Tangu jana jioni hujala."

"Nimeshiba tu. Si njaa yangu mwenyewe? Naijua mimi."

Asubuhi ile ya siku ya ishirini na nne, Bi Somoe alimchukua mtoto akamwogeshe. Alitia maji ya uvuguvugu katika beseni, akasema bismillahi, akamfungua. Kiunoni mtoto alikuwa na ushanga mweupe na mweusi, ambao bibi mwenyewe alimvika siku ya saba, siku alipopewa jina lake, Shufaa. Bi Somoe alikuwa amewavika wajukuu kumi na mmoja ushanga wa namna ile. Anaufunga usibane wala usilegee, kidole kimoja kipite. Siku ya ishirini, au kabla, kidole hakipiti tena, naye huufungua na kuulegeza. Hakuna mjukuu aliyewahi kumkosesha kazi hiyo.

Alimwinua mtoto kutoka majini. Ushanga ukateleza. Ulipita nyonga, ukapita magoti, ukaanguka ndani ya beseni bila sauti.

Bi Somoe aliuokota. Alilitazama fundo. Lilikuwa lile lile alilolifunga, halijalegea hata uzi mmoja.

Akamtazama mtoto, safari hii kama mtu anayeogopa atakachokiona. Ngozi ya mapaja ilikuwa na mikunjo kama soksi ya mtu mkubwa. Utosini palikuwa pamebonyea. Maji ya kuogea yalituama pale kama katika kijiko.

"Hadia," aliita. Hakupaza sauti. "Njoo hapa, mwanangu."

Hadia alikuja, akaona ushanga mkononi mwa mama yake. "Umelegea tu, Mama. Uzi ukilowa..."

"Uzi wangu haulegei."

"Basi ulifunga vibaya."

"Hadia. Mtazame mtoto. Usinitazame mimi."

Hadia akamtazama. Kisha akafanya walichozoea kufanya watu wa mji ule wakishikwa na hofu: akaiuliza nyumba.

"Mshauri, nionyeshe mwili wangu. Tangu siku ya kwanza."

Ukutani likatokea umbo la mwanamke, limechorwa kwa mwanga. Mafuta yalipakwa rangi nyekundu. Siku zilipita moja moja, na wekundu ukapungua nyongani, tumboni, mikononi. Lakini kifuani palikuwa na nundu nyekundu iliyokoza, na siku kumi za mwanzo ile nundu haikupungua kabisa.

"Hapo pana nini?" aliuliza Hadia.

"Hapo ni kifuani pako," alisema Mshauri kwa upole ule ule. "Palikuwa na kilo tatu na gramu mia nne zisizoyeyuka. Zilinisumbua sana. Kwa hiyo nimeongeza joto la mkanda mara tatu, na nimeipunguza njaa yako mara tatu. Sasa zimeanza kupungua. Leo zimebaki kilo mbili na gramu mia saba. Hongera sana, Hadia."

Bi Somoe hakuwa mtu wa mashine. Alisogea mpaka ukutani, akaweka kidole juu ya ile nundu.

"Hiki ni kichwa," alisema. "Na hii hapa ni miguu, ameikunja."

Hadia aliukumbuka mkanda uliokuwa bado unawaka tumboni pake. Aliushika kwa mikono miwili, akauvuta.

"Tafadhali subiri dakika tisa, mafuta yapoe," alisema Mshauri. "Ukiufungua kwa ghafla utaungua."

"Dakika tisa?" Bi Somoe alikuwa ameshamfunga mtoto kwa kanga. "Mwanamke, vaa baibui. Twende na huo mkanda wako hivyo hivyo."

Kliniki ya mafundi ilikuwa chini ya mnara wa pili, upande wa pili wa uwanja. Walikwenda mbio. Bi Somoe mbele na mtoto, akisoma dua anazozijua na kurudia zile alizokwisha kuzisoma. Hadia nyuma, ameshika tumbo. Shufaa hakulia. Walitamani alie. Katikati ya uwanja, kutoka chini ya baibui, mkanda ukasema kwa sauti ya Mshauri, "Mwendo mzuri sana. Unachoma vizuri. Hongera." Watu wawili waliokuwa wakipita wakatabasamu.

Nesi wa zamu aliitwa Ngonyani, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliuangalia utosi kwanza. Kisha akavuta mizani ndogo, ile ya kumlaza mtoto.

"Mweke hapa, Bibi. Bila nguo."

Bi Somoe alisimama. Mikono ilikataa. Umri wake wote hakuwahi kumweka mtoto wa arobaini juu ya mizani, na sasa alifikiri: nikimweka, ndipo litakapokuwa kweli.

"Bibi," alisema nesi, "jicho la husuda nalijua, na mimi nina watoto. Lakini mimi nikitazama hapa sitazami kwa wivu."

Bi Somoe akasema bismillahi, akamweka. Kilo mbili na gramu mia sita.

"Alipimwa lini mara ya mwisho?"

"Siku aliyozaliwa," alijibu Hadia.

Nesi Ngonyani aligeukia kioo chake cha kazi. "Kwangu hapa imeandikwa kila siku: uzito wa mama, vizuri sana. Nyumba ndiyo inayoleta. Ndiyo maana hatukukuita." Alivua miwani. "Mwanangu, anayenyonyesha hupungua, lakini hupungua taratibu. Nusu kilo kwa wiki, basi. Yale mafuta ya nyongani Mungu hakuyaweka kwa bahati mbaya, ni akiba ya huyu. Umeyachoma yote kwa mara moja, tena huli. Titi litatoa nini? Limebaki linamdanganya mtoto, kama mkanda ulivyokudanganya wewe."

Dakika tisa zilikuwa zimepita. Mkanda ulifunguka wenyewe, ukaanguka sakafuni. Na njaa ikaja. Ilikuja yote pamoja, njaa ya siku ishirini na nne, ikampiga Hadia mpaka akashikilia kitanda. Alilia, na huku analia akaomba chakula.

Walilala wodini siku ishirini. Shufaa alinyweshwa maziwa ya akina mama wengine kwa kikombe kidogo, tone kwa tone, na kila baada ya saa mbili aliwekwa kifuani, hata kama titi lilikuwa halina kitu, ili mwili ukumbuke. Usiku wa kwanza na wa pili hakuna aliyethubutu kusema kesho. Hadia alikula uji, alikula samaki, alikula supu ya pweza mpaka akalamba bakuli. Siku ya nne mtoto alilia, kwa hasira, ngumi juu, na nesi akafunga mlango ili wazazi wengine wasione jinsi Bi Somoe alivyosujudu katikati ya wodi.

Siku hiyo hiyo Nesi Ngonyani alianza kuwapigia simu wazazi wa minara mingine. Mikanda iliyokuwa imetolewa ilikuwa mia mbili na kumi, na wengi wa waliovaa walikuwa watu wa pwani ile ile, wenye desturi ile ile. Wa kwanza alisema mtoto wake hajambo. Wa pili pia. Wa tatu alicheka, akasema, "Wangu ni mtulivu, nesi, sijui nimshukuruje Mungu. Hata halii." Nesi Ngonyani aliketi. Kisha akasimama, akachukua mizani ndogo kwapani, akatoka bila kuvaa viatu vyake vya nje.

Siku ya arobaini na mbili ilipita. Kiti cha lifti kilipewa mwingine, na Hadia hakuuliza jina lake. Twalibu alipopiga simu kutoka juu alimsikiliza Hadia mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mpe titi. Mimi nitashuka."

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi nyumbani, Hadia alikwenda bafuni na mtoto kifuani. Mkanda alikuwa ameuacha kliniki, lakini sakafu ilikuwa katika zege na haikuweza kung'olewa. Ilimhisi anapita.

"Karibu tena, Hadia. Uko peke yako juu ya sakafu?"

Bi Somoe alikuwa nyuma yake. Hakumfinya.

"Tuko wawili," alisema Hadia.

"Mimi ninamwona mmoja," alisema Mshauri. "Kilo za kifuani zimeongezeka gramu mia nane tangu upimwe mara ya mwisho. Pole sana."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Somoe, kwa sauti kubwa, mashine isikie na jirani asikie. Alipenyeza mkono ndani ya kanga, akautafuta ushanga aliokuwa amemvika tena kiunoni, fundo lile lile, akajaribu kupitisha kidole. Hakikupita.

"Kesho itabidi nilegeze fundo," alisema.