Siku Tuliyomfukuza Rowena

Majirani zangu wa Parañaque, mnaponisikia nikiimba huku nafagia ngazi, mjue naimba kwa shukrani. Nyumba yetu nusura inadiwe.

Marehemu shemeji alimwachia dada yangu Purita fleti mbili. Moja tunaishi sisi wawili. Ya pili alipanga Rowena, muuguzi wa hospitali iliyo ng'ambo ya barabara. Kwa miaka sita alilipa kodi kwa wakati, hatukuhitaji kumkumbusha hata mara moja. Jumapili alikaanga ndizi, akatuletea sahani, tukala kibarazani tukisengenya waimbaji wa kanisani.

Ndipo akaja dalali, amejipulizia manukato hadi paka akapiga chafya.

"Mama Purita, kodi ya peso elfu ishirini tu kwa mwezi? Wafanyakazi wa zile kampuni za kamari za mtandaoni wanagombania fleti. Watakupa sitini."

"Na Rowena?" nikauliza.

"Rowena ana miguu," dada akajibu.

Rowena alipoleta hundi zake kumi na mbili za kodi ya mwaka mpya, moja kwa kila mwezi, dada alizisukuma zikarudi.

"Shangazi," Rowena akasihi, maana ndivyo alivyotuita kwa heshima, "naweza kuongeza elfu tatu."

"Tatu? Hiyo nauli ya sokoni, binti."

Rowena akafunga masanduku. Mimi niliona haya, na nikanyamaza.

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Wafanyakazi wa kamari, wageni kutoka nchi nyingine, waliingia kwa elfu sitini, na dada akaweka rehani fleti tunayoishi, akaweka malipo ya awali ya fleti nyingine mbili ambazo hata msingi hazikuwa nao. Mtaa mzima ulifanya hivyohivyo, maghorofa yakaota kama uyoga. Hakuna aliyejiuliza nani atalala humo wageni wakiondoka.

Wakaondoka, wala si kwa kosa lao. Serikali ilizifunga kampuni zile, na wapangaji wetu kumi na wawili wakatoweka ndani ya wiki moja, wakaacha kuta nyeusi kwa moshi wa mapishi. Kila dirisha likawa na bango la "Inapangishwa". Sitini ikawa thelathini, ikawa ishirini, na simu haikulia. Benki ikatupa miezi miwili, tulipe au tuhame. Dada aliacha kula.

Nikaenda hospitali bila kumwambia. Rowena alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shangazi Tess, sirudi kwa huruma," alisema. "Napanda mabasi mawili kila asubuhi, na wenzangu wanne vilevile. Fleti yenu sasa tunaimudu. Ila mkataba uwe wa miaka mitatu, na kodi isipande."

Mkataba huo ndio tulioupeleka benki, wakakubali kutuongezea muda. Zile fleti za kwenye karatasi tulizirudisha na malipo yetu yakapotea. Tuliyahesabu kuwa ada ya shule.

Rowena alipofika na masanduku, alimkuta dada kapiga magoti jikoni, anasugua masizi.

"Acha, Shangazi. Tutapaka rangi."

"Niache nisugue," dada akasema, machozi yakimtoka. "Nisamehe, binti. Na asante."

FUNZO

Mwenye nyumba, bei ya leo ni ya leo tu. Kabla hujapandisha kodi au kununua fleti ya pili, uliza nani mtaani kwako atahitaji kulala hapo miaka mitano ijayo, na ana uwezo gani. Mpangaji mwaminifu ni mali. Usimtupe kwa ajili ya msimu. Nawe unayeona dhuluma ndani ya nyumba yako, usinyamaze kama mimi.

Mungu amzidishie Rowena. Hatukustahili, na alirudi.