Vizibao vya Gimbi

Kila siku saa kumi na nusu jioni nilifika dukani kwa Mjomba Tienfu, nikaning'iniza mkoba wa shule nyuma ya mlango, nikanawa mikono na kuanza kufuta meza. Lilikuwa duka la chai: chai ya maziwa ya baridi yenye barafu na chembe laini za unga wa muhogo, kwenye bilauri za plastiki zinazofunikwa kwa mashine. Mashine yenyewe ilipiga kelele kama mtu aliyekanyagwa kidole. Hapa Tainan maduka ya namna hiyo yamejaa kila kona, kwa hiyo kila mwenye duka anatafuta cha kumzidi jirani. Mjomba alikuwa na Gimbi.

Gimbi alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Bibi yangu, mama yake Mjomba, alimlea tangu kifaranga, akampa jina hilo kwa sababu rangi yake ilikuwa ya gimbi lililochemshwa. Kwa miaka sita waliishi pamoja ghorofa ya tatu, juu ya duka. Asubuhi Gimbi alioga kwenye bakuli, mchana alirarua maganda ya mahindi kwenye roshani, na jua likizama alilala. Kisha magoti ya Bibi yakaharibika, ikawa hashuki tena ngazi. Mjomba akamwambia, "Mama, ndege anakaa bure huku juu. Niachie akae dukani achangamke. Nitamtunza."

Nataka mjue alivyotunzwa. Aliwekwa kwenye kijiti karibu na mlango, ubavuni mwa ile mashine, mguu umefungwa kwa mnyororo mwembamba, taa kali juu ya kichwa, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nne usiku. Kila mteja aliyeingia alipaswa kuambiwa, "Karibuni, mtajirike!" Gimbi akinyamaza, hapati mbegu za alizeti. Watu walimsogezea simu usoni wakapiga picha, wakapuliza filimbi, wakacheka, wakaondoka na chai yao. Mwezi wa tatu nikaanza kufagia manyoya chini ya kijiti.

"Anabadilisha manyoya tu," Mjomba alisema.

Haikuwa kweli. Nilimwona kwa macho yangu akiinamisha kichwa, akishika unyoya mmoja kifuani na kuuvuta. Alipiga ukelele wa uchungu, kisha akashika mwingine. Mwisho wa mwezi kifua kilikuwa kitupu, chenye vipele, kama cha kuku aliyenyonyolewa tayari kwa chungu.

Dereva mmoja wa teksi alipomwona alicheka. "Bosi, huyu unamwandaa kwa supu?"

Mjomba akacheka naye. Dereva alipotoka, kicheko kikakatika.

"Pinyun, wewe si unajifunza kushona shuleni?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Basi mshonee nguo. Iwe ya kupendeza."

Nikamshonea kizibao cha buluu chenye vifungo viwili. Sitamtupia Mjomba lawama zote, maana nilifurahi. Siku tatu baadaye foleni ilifika barabarani. Wasichana wakubwa waliniuliza, "Umeshona mwenyewe, mdogo wangu? Mikono yako ina baraka!" Nikashona cha pili, cha tatu, mpaka vikafika kumi na kimoja. Cha maua, cha mistari, kimoja chenye kola kama ya mwalimu mkuu. Na kila aliyeuliza kwa nini kasuku amevaa nguo, nilimjibu alivyonifundisha Mjomba: "Anasikia baridi."

Baridi! Tainan, mwezi wa tano, lami inanata kwenye viatu! Na watu wazima, wenye shahada na miwani, walinisikia nikisema hivyo, wakacheka, wakaagiza chai nyingine. Nyuso zao nazikumbuka hadi leo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mara ya pili.

Jioni nikipanda kwa Bibi kumpelekea chakula, swali lake lilikuwa lile lile. "Gimbi hajambo?"

"Hajambo, Bibi. Watu wanampenda."

"Anaoga?"

"Anaoga."

Nilisema hivyo nikimwangalia machoni.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita nilifika mapema. Mjomba alikuwa na jambo kubwa siku hiyo: watu wa kipindi kimoja cha mtandaoni walikuwa waje kumrekodi Gimbi. Nilikwenda kumvua kizibao cheupe nikifue, kikakataa kutoka. Kilikuwa kimegandana na ngozi. Nilipokilowesha na kukivuta polepole, Gimbi alitetemeka mwili mzima, na ndani ya kitambaa nikaona damu. Manyoya yalikuwa yamekwisha, na sasa alikuwa anakula nyama yake. Katikati ya kifua palikuwa na kidonda kikubwa kama kifungo cha koti, kibichi, kinachonuka.

"Mjomba! Njoo uone! Atakufa!"

Mjomba akaja akifuta mikono. Akatazama kidonda. Akatazama saa ukutani.

"Mvalishe kile chekundu," akasema. "Nyekundu ni rangi ya heri, na damu haitaonekana."

Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo masikio yananiwaka. Nilikwenda kwenye sanduku, nikakitoa kizibao chekundu, nikasimama nacho. Nje watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, kijana mwenye kamera amewatangulia. Gimbi aliwaona. Hata na kidonda kile, alijinyoosha kwenye kijiti na kusema kwa sauti ya kukwaruza, "Karibuni, mtajirike!"

Wakapiga makofi.

Nikakitupa kizibao sakafuni. "Msipige makofi!" nilipiga kelele. "Mtazameni! Hasikii baridi! Hajawahi kusikia baridi! Anajinyonyoa, anajila, na nguo zote hizi nimezishona mimi ili msione!"

Mwanamke mmoja akaziba mdomo. Kijana wa kamera akaishusha.

"We mtoto umerukwa na akili?" Mjomba akanishika bega. "Ingia ndani!"

Nilijichomoa, nikafungua mnyororo, nikamfunga Gimbi kwenye taulo la kufutia meza, nikapanda ngazi mbio hadi ghorofa ya tatu. Nilimweka mapajani mwa Bibi. Nilimwambia yote: mashine, mnyororo, alizeti, vizibao kumi na kimoja, na "anaoga" zangu zote za kila jioni.

Bibi alikikagua kidonda kwa karibu. Kisha akanirudishia Gimbi, akasimama, akaanza kushuka ngazi. Magoti yalipogoma, alikaa, akashuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, ghorofa tatu, akihema. Nilitaka kumsaidia, akanikatalia kwa mkono.

"Tienfu!" aliita akiwa bado ngazi ya mwisho. "Njoo hapa."

"Mama, mbona umeshuka, magoti yako..."

"Niache na magoti yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tano nilipoingia kiwanda cha redio. Mabinti mia mbili, tunalehemu nyaya, tunasafisha vyuma kwa dawa mikono mitupu. Dawa ilitula vidole, ngozi ikatoka kama ganda la kitunguu. Unajua siku gani tulipewa glavu? Siku wanunuzi walipokuja. Nyeupe, mpya, zimepigwa pasi. Wakatupiga picha, wakasema mabinti hawa wasafi kweli. Walipoondoka, msimamizi akapita na kikapu akazikusanya."

"Mama, huyu ni ndege tu."

"Na sisi walisema ni mabinti tu!"

Wateja walikuwa wamesimama mlangoni na bilauri zao, hakuna aliyekunywa. Mjomba akakaa kwenye kiti cha plastiki. Kisha akainuka, akazima ile mashine, akaenda kuwasha gari.

Daktari Kuo, mtibabu wa ndege, alimpima Gimbi bila kututazama. Alimtoa damu, akatafuta utitiri, akamsikiliza mapafu.

"Ameanza lini?"

"Mwezi wa tatu," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Miezi mitatu. Wiki mbili zaidi mngeniletea wa kuzika." Kisha akatueleza. Gimbi hakuwa na utitiri. Alikuwa hajalala vya kutosha kwa miezi, hana cha kuchezea, haogi, na hapumziki na makelele. Kasuku akizidiwa namna hiyo, hasira zote anazimalizia mwilini mwake. Dawa ya kidonda angetupa yeye. Tiba nyingine ilikuwa kazi yetu: saa kumi na mbili za giza na utulivu kila siku, maji ya kuoga, mboga za majani, mtu wa kukaa naye, na kila siku kitu kipya cha kurarua.

Gimbi akarudi juu kwa Bibi, shingoni amevaa kola ngumu ya kumzuia asifikie kidonda. Mjomba alijenga kwa mkono wake tundu pana kwenye roshani, akinung'unika msumari hadi msumari, lakini alijenga. Kila nikitoka shule nilikata maboksi, nikafunga mianzi na magunzi ya mahindi kwa kamba, nikasafisha tundu, nikamnyunyizia maji. Siku nyingine nilichoka nikatamani kuruka siku moja. Sikuruka.

Bibi alitupa adhabu moja, mimi na Mjomba. Kila mteja atakayeuliza kasuku yuko wapi, tumjibu ukweli wote, mwezi mzima. Mjomba alikuwa anasema akitazama sakafu: "Alijinyonyoa kwa kuteseka hapa, na mimi nilimficha." Wengine walikwenda duka jingine. Wengine walibaki. Mama mmoja alimwambia, "Afadhali umesema, bosi," akaagiza chai isiyo na sukari.

Manyoya ya kwanza yalichomoza mwezi wa kumi, mafupi na meupe kama pamba. Upande wa kushoto wa kifua hayakuota kamwe. Daktari alisema mizizi imekufa.

Siku tulipoyaona yale ya kwanza, tulikuwa roshanini, Bibi akimenya karanga. Nilimwuliza kama bado ana hasira na mimi.

"Ninayo," akasema. "Ulijua kushona ukajua kunyamaza, vyote kwa pamoja. Lakini siku ile ulipaza sauti mbele ya watu, na mimi kiwandani sikupaza. Nilizikunja zile glavu vizuri, nikazirudisha kikapuni, nikasema asante." Akamrushia Gimbi karanga. "Sikia, mjukuu wangu. Ukiona anayeteseka amevalishwa nguo nzuri ghafla, usisifu nguo. Mwulize anaumia wapi. Na wakikupa wewe sindano uishone nguo hiyo, kataa nguo ya kwanza, usingoje ya kumi na moja."