Kioo Kilichosuguliwa kwa Majivu

Ng'ombe kumi na saba walikufa kando ya lambo kabla ya saa sita mchana. Daftari la Nyamizi lilisema maji ni salama.

Nyamizi alisoma darasa la sita katika kijiji kilicho mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka Katoro. Juu ya kijiji kulikuwa na mtambo wa kuchenjua dhahabu kwa sianidi, sumu inayoua upesi. Chini yake kulikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe. Kwa sababu hiyo Profesa Eufrasia, mwalimu wa uhandisi wa chuo kikuu, alileta chombo chake pale.

Zamani mashine za kupima maji kwa mwanga zilikuwa kubwa kama kabati. Profesa alitumia miaka kumi na miwili kutafuta namna ya kuweka taa, pamoja na jicho la kupokea mwanga wake, juu ya kipande kimoja kidogo kama punje ya mtama. Unachota maji kwenye kichupa, unatia matone matatu ya dawa, unakiingiza ndani ya chombo. Maji yenye sumu hubadilika rangi, mwanga unaofika kwenye jicho hupungua, namba hupanda. Chini ya kumi, ng'ombe wanywe. Ikizidi ishirini, piga simu.

Nyamizi ndiye aliyechaguliwa kupima kila asubuhi. Aliandika namba daftarini, naye Mwalimu Gregory akaituma kwa Profesa.

"Daktari wa maji!" rafiki yake Vumilia alimtania. "Leo lambo lina homa?"

"Lina nne tu. Mwenye homa ni wewe, homa ya hesabu."

Siku moja tope liligandia kwenye kidirisha cha kioo cha chombo. Nyamizi alifanya kama afanyavyo kwa sufuria yenye masizi. Alichukua majivu na mchanga kidogo, akasugua kwa nguvu. Tope lilitoka, lakini kioo kilijaa michubuko, kikawa na ukungu. Alipopima lambo, namba ilikuwa sitini na moja. Akapima maji ya mtungi wa nyumbani. Sitini na moja.

Alijua ameharibu. Hakusema. Aliandika nne. Kesho yake hakushuka kabisa lamboni. Alikaa nyuma ya choo cha shule, akaandika tano. Kisha nne tena. Alifanya hivyo siku tisa.

Alfajiri ya siku ya tisa mvua kubwa ilivunja ukingo wa bwawa la maji machafu ya mtambo, na sumu ikatiririka hadi lamboni. Asubuhi Nyamizi aliandika nne.

Saa sita watu walikuwa wamejaa lamboni. Jilala, baba yake Nyamizi, alikuwa amepiga magoti kando ya dume lake la kulimia, ameshika pembe yake kama anayetaka kumwinua. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mwigulu, alifungua daftari.

"Leo, nne," alisoma. "Jana, nne. Maji ni mazima."

"Basi ng'ombe wameuawa na mtu!" kijana mmoja alipaza sauti. "Nyumba ya nani iko hapa? Mbuzi wa nani wako hai?"

Wote waligeukia nyumba ya Bibi Mbuke, mjane aliyeishi peke yake ukingoni mwa lambo. Mbuzi wake watatu walikunywa maji ya mvua aliyoyakinga kwenye pipa. Hakuna aliyeuliza hilo. Mlango ulipigwa mateke mpaka ukavunjika. Walimtoa nje wakimburuta, kilemba kikaanguka matopeni.

"Wanangu, nimewakosea nini?"

"Macho mekundu ya mchawi hayo! Unadhani hatujui?"

"Ni moshi wa kuni, mwanangu. Moshi tu."

Fimbo zilikuwa nyingi. Nyamizi alijipenyeza mbele. Akinyamaza, bibi atauawa. Akisema, baba yake atajua nani alimwacha anyweshe ng'ombe sumu.

"Daftari ni la uongo!" alipiga kelele. "Sikupima! Niliandika tu!"

"Nyamaza!" Jilala alimkamata mkono. "Unamtetea mchawi?"

"Baba, ni kweli. Nipeni dakika moja, kisha nipigeni mimi."

Alitoa vichupa viwili na dawa kwenye mfuko wake wa shule, akajaza kimoja maji ya pipa la bibi, cha pili maji ya lambo. Akatia matone matatu kila kimoja. Akaviinua juu ili wote waone.

"Anatuchelewesha huyu," mtu alisema, akainua fimbo.

"Subiri!" alisema Mwigulu.

Maji ya pipa yalibaki meupe. Maji ya lambo yaligeuka rangi polepole, yakawa mekundu kama juisi ya choya, kisha kama damu. Kila mtu aliona kwa macho yake. Fimbo zikashuka moja moja.

"Mtu asiguse maji haya!" Mwigulu alipaza sauti. "Rudisheni mifugo!"

Jilala hakumpiga binti yake. Alikaa chini matopeni, akafunika uso.

Kesho yake maofisa wa serikali waliufunga mtambo. Profesa Eufrasia alifika na kioo kipya, akamkuta Nyamizi nyuma ya choo cha shule.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utasema nimeharibu utafiti wako."

"Ungeniambia, ningeandika kwamba kioo hiki hakivumilii mchanga. Hilo nalo ni utafiti. Mimi mwenyewe nimeharibu vipande zaidi ya mia mbili, na kila kimoja nimekiandika." Alikaa juu ya tofali. "Nami nina kosa. Nilipata nne na tano siku tisa za mvua, ingawa maji ya tope hupandisha namba, nikafurahi badala ya kushtuka. Lakini sikiliza, mwanangu. Chombo kibovu kilichotolewa taarifa hakiui mtu. Namba ya uongo inaua, kwa sababu watu wanaiamini."

Kubadilisha kioo kulichukua dakika kumi.

Hesabu ni hii. Namba za uongo tisa. Ng'ombe kumi na saba, sita kati yao wa Jilala, na wanne wa hao sita walikuwa wa kulimia. Ekari tano zililimwa mwaka huo kwa jembe la mkono. Mlango mmoja. Na Bibi Mbuke, aliyekaa kijijini miaka arobaini na mmoja, alifunga mbuzi wake watatu, akahamia kwa binti yake katika kijiji cha Samuye. Hajarudi.