Mara Nne kwa Kumi

Kila jioni, akishamaliza kuchota maji na kuosha sufuria, Kasilda alikwenda kwenye lundo la mchanga nyuma ya shule yao, pale Makanyagio. Alikimbia, akaruka, akapinduka hewani. Rafiki yake Sauda alisimama kando, mikono tayari kumdaka.

Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia. Mwalimu Pelagia alimwachia kila mwanafunzi wa darasa la nne achague atakavyomaliza mchezo wake wa viungo: kwa samasoti ya hewani, au kwa kujiviringisha kama gurudumu na kusimama kwa mikono.

"Ukijaribu samasoti mara kumi, unatua vizuri mara ngapi?" Mwalimu alimwuliza Kasilda.

"Mara nane, Mwalimu. Nachagua samasoti."

Walipotoka darasani Sauda alimvuta kando. "Nane za wapi? Ni nne! Mimi ndiye ninayehesabu."

"Ukisema, urafiki wetu umekwisha."

Sauda hakumwambia Mwalimu. Hata hivyo jioni alikuja mchangani kama kawaida.

Siku hiyo Kasilda aliruka akiwa amechoka. Hakufika juu vya kutosha. Aliona ardhi ikimjia usoni, kisha mikono ikamkumba ubavuni, wote wawili wakaanguka. Kasilda aliinuka mzima. Sauda alibaki chini, ameshika kifundo cha mkono, machozi yakimtoka.

"Ungevunjika shingo," alisema.

Mkono ulikuwa umeteguka. Mganga wa dispensari aliufunga bandeji.

Baba yake Kasilda, Mzee Ponsian, aliporudi kutoka zamu ya mgodini, alimkuta binti yake ameketi kizingitini, chakula hajakigusa.

"Shikamoo, Baba," alisema. Akamweleza yote, hata ule uongo.

Baba alivua viatu polepole. "Sisi kule chini, mwanangu, kabla ya kuchimba tunagonga mwamba wa juu kwa mtaimbo na kusikiliza. Ukilia vibaya, tunaondoka, hata kama madini ya risasi yamejaa pale. Mwenzetu akisema 'hapana', tunamshukuru. Wewe mwenzako umemfunga mdomo, na bado amekuokoa."

Asubuhi Kasilda alimweleza Mwalimu ukweli. Kisha alikwenda kwao Sauda, akamwomba radhi mbele ya mama yake.

"Nilikuogopa wewe kuliko samasoti yenyewe," Sauda alisema, akacheka kidogo. "Usinifanyie tena."

Siku ya wazazi, Kasilda alijiviringisha mara mbili, akasimama kwa mikono, miguu imenyooka pasipo kutikisika. Watu walipiga makofi. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa Sauda, akamkumbatia kwa uangalifu asimguse mkono wenye bandeji.

"Ahsante," alimwambia. "Nipo hapa kwa sababu yako."

Mwalimu Pelagia aliwageukia wanafunzi wake. "Samasoti tutajifunza wote, polepole. Lakini nyie mkumbuke: mimi siwezi kumlinda mtoto anayenidanganya. Semeni mnachokiweza kweli, na anayewaambia ukweli mshukuruni siku hiyo hiyo."