Kanda ya Nyanya Nawoi

Kila Jumamosi, baada ya kuteka maji, Akiru alifungua sanduku la bati la baba yake na kuzitoa kanda moja moja. Baba yake, Mwalimu Ethuro, alifundisha shule moja mjini Lodwar, naye alikuwa na tepu rekoda ya betri yenye magurudumu mawili. Kanda alizinunua Kitale, na kwa kuchagua hakuwa na mfano. Wenye maduka walimchoka.

“Nyembamba hubeba nyimbo nyingi lakini hukatika upesi,” alikuwa akisema. “Nene hubeba chache, ila hudumu.”

Kazi ya Akiru ilikuwa kupangusa vumbi, kuzisimamisha wima na kuziweka mbali na jua.

Kanda moja nene ilikuwa na sauti ya Nyanya Nawoi, akiimba kisimani Kakuma huku akinywesha mbuzi. Nyanya alikuwa amefariki miezi miwili iliyopita, na Akiru alimlilia mpaka machozi yakamkauka.

Siku moja aliicheza kanda hiyo akasikia inakwaruza. Akaona imekauka kwa joto. Akakumbuka jinsi nyanya mwenyewe alivyomfunza kutunza ngozi: ikikauka, ipake mafuta ya mkia wa kondoo. Basi akachovya kidole, akaipaka kanda ile kwa upendo wote. Masikini Akiru! Alipoijaribu tena, mashine ilitoa ngurumo tu. Akaifuta mashine haraka, akairudisha kanda kwenye boksi lake. Msichana aliyezoea kuzungumza kutwa nzima, kwa wiki tatu hakulitaja jambo hilo.

Ndipo Babu Emuria akafika kwa lori kutoka Kakuma.

“Ejok, Akiru.”

“Ejok, babu.”

“Nimekuja kumsikiliza nyanya yako. Nyumbani kumekuwa kimya mno.”

Baba alipoinua mfuniko wa sanduku, Akiru hakuweza kuvumilia zaidi.

“Baba, usiicheze kanda ya nyanya. Niliipaka mafuta ili isikauke. Niliogopa kukwambia.”

Baba aliishika kanda, vidole vikateleza. Hakugomba, heri angegomba. Alichukua kitambaa laini, wakaketi wote watatu kuipangusa kidogo kidogo mpaka alasiri.

Walipoicheza, ilinguruma tu. Wimbo haukutoka hata neno moja. Babu akainamisha kichwa. Kanda ilipokaribia kwisha, katika sehemu ya ndani kabisa ambayo mafuta hayakuifikia, sauti ya nyanya ikatoka safi: “Ethuro, zima hiyo mashine yako. Mbuzi wanaondoka.”

Kisha basi. Babu akalia waziwazi, mzee mzima.

“Irudie,” akasema. Baba akairudia mara tatu.

Akiru naye alikuwa akilia. Baba akamgeukia.

“Kosa la mafuta nimekusamehe, mwanangu. Ulilifanya kwa kumpenda, na hukujua. Lakini mafuta hupenya polepole. Ungeniambia siku ile ile, tungeyapangusa kabla hayajaingia ndani, na wimbo ungekuwapo. Kilichoupoteza ni wiki tatu za kunyamaza. Ukiharibu kitu, sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka.”

“Nitasema, baba.”

Babu akamvuta mjukuu wake karibu, akamwomba aiwashe mashine yeye mwenyewe. Akiru akaiwasha, nyanya akawahimiza tena wawaangalie mbuzi.