Ala ya Bastola ya Marehemu

Asubuhi bastola ilikuwa na urefu wa sentimita arobaini na moja. Baada ya chakula cha mchana ikawa arobaini na tatu.

Fundi Kipimo aliutazama utepe kama anayemtazama shahidi wa uongo, kisha akautupa kwenye kopo la misumari. Jina la Kipimo hakupewa bure. Alikuwa ameshona mikanda, mikoba na viatu kwa miaka ishirini na mbili, na mtaa mzima ulijua kwamba dukani kwake hakosei fundi, hukosea utepe. Akaazima utepe wa mkewe, aliyekuwa akishona upande wa pili wa meza, akapima tena. Arobaini na tatu.

"Chuma hutanuka kwa joto," akasema.

"Joto lipi?" mkewe akauliza, akivuta sweta. "Mimi nasikia baridi tangu hicho kitu kiingie humu."

Kililetwa asubuhi ileile na mjane wa mwindaji, mama wa makamo aliyekibeba ndani ya blanketi kwa mikono yote miwili. Fundi alikwisha kuona bastola, lakini si ya namna hii. Mtutu wake ulimeza kidole gumba chake chote, na mpini ulitaka kiganja cha mtu ambaye hajazaliwa. Risasi haikuwamo hata moja. Alihakikisha mwenyewe, mara mbili, kwa sababu ujasiri ni mzuri lakini uhai ni mzuri zaidi.

"Nataka ala ya ngozi nene, yenye kifuniko," mjane alimwambia. "Ya zamani imeoza, na kitu hiki hakipendi kukaa uchi. Kikikaa uchi kinatafuta mtu. Ila nakuomba, mwanangu, ngozi uiloweshe kwa maji safi tu. Usitie chochote cha mwilini mwako. Si damu, si jasho, si mate."

"Nimekusikia, mama," fundi alijibu, kwa ile sauti ya mtu anayekubali ili uondoke.

Ala ya bastola haishonwi kama mkoba. Ngozi hulowekwa mpaka ilegee, ikavishwa juu ya bastola yenyewe, ikakandamizwa kwa vidole na kijiti laini mpaka ishike kila pembe, kisha ikaachwa ikauke bastola ikiwa ndani. Kwa saa nne fundi alikandamiza, akiwa amevaa glavu, mwanafunzi mwema kabisa. Mkewe akashona ubavu kwa uzi wenye nta, mshono wake ule wa karibukaribu usioonyesha mwanya. Ikabaki kulainisha kingo tu. Fundi akavua glavu, kwa kuwa ukingo hupimwa kwa kidole kitupu, akalamba kidole gumba, akakipitisha pembeni mwa ngozi toka mwanzo hadi mwisho, kama alivyofanya kila siku ya kazi yake. Mazoea yana taabu.

"Wewe! Si umeambiwa?" mkewe akamaka.

"Mate yangu masafi kuliko maji ya bomba."

Wakacheka. Kucheka huko mkewe alikuja kukujutia sana.

Jioni waliiweka rafuni, mdomo wa mtutu ukitazama ukuta. Asubuhi waliikuta inatazama kigoda anachokalia mke akishona. Fundi akaigeuzia tena ukutani. Saa tatu ilikuwa imerudi palepale, na hakuna aliyeiona ikisogea. Ngozi iliyotibiwa kiwandani, isiyokuwa na harufu nyingine ila ya dawa, sasa ilinuka kama mnyama aliyechinjwa muda huo huo, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya baruti. Ilipokuwa ikikauka ilialika taratibu, kwa mlio wa kijiti kikavu kinachovunjika, ikanyamaza, ikaalika tena. Mke ndiye aliyetambua kwanza kwamba milio ile ilifuata pumzi za mumewe.

"Shusha pumzi," alimnong'oneza. "Sasa zuia."

Fundi akazuia. Rafuni kukawa kimya. Akapumua, na ngozi ikaalika.

Aliogopa. Hapo hakuna la kumpamba nalo.  Alimwambia mkewe aende nyumbani, ng'ambo ya uchochoro, akakae huko na mlango afunge, naye akabaki peke yake dukani akiitazama ile ala kwa jicho lisilopepesa, akajiambia kwamba safari hii ikigeuka ataiona, na kweli hakupepesa, machozi yakamtoka kwa kukodoa, lakini alipoyafuta mara moja tu kwa mkono wa shati mtutu ulikuwa umeelekea dirishani, na alipochukua kamba na kuinyoosha kutoka mdomo wa mtutu kupitia dirisha hadi ng'ambo ya uchochoro, kamba ilikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa jiko lake, mahali ambapo kwa ndani mkewe husimama akiosha vyombo. Kisha ndani ya ngozi kukasikika *kach*, mlio wa nyundo ya bastola ikivutwa nusu.

Mjane alifika kuchukua ala yake mchana jua likiwaka. Hakuketi.

"Umetia nini?"

"Mate, mama. Kidogo tu."

Mjane akafumba macho. "Basi imekujua. Jini aliyemo humo anataka mtu wake abaki naye peke yake, kwa hiyo huanza kumwua yule aliye karibu na mtu huyo zaidi. Ilipomjua marehemu mume wangu ilinilenga mimi, dada yangu akapita katikati: aliangukia mlangoni pangu akiwa na tundu kifuani, na bastola hiyo imefungiwa sandukuni, haina risasi."

"Ichukue basi! Ipeleke mbali!"

"Nikiipeleka ng'ambo ya milima itamlenga mkeo kutoka huko. Ingekuwa hujatia mate ningeitunza mimi. Ala ifumuliwe sasa hivi, au ivaliwe. Ikivaliwa hutulia, kama ilivyotulia kiunoni mwa mume wangu hadi alipokufa."

Mke, aliyekuwa amemwona mjane akiingia na kuvuka uchochoro kumfuata, akaja na kisu cha kufumulia. Aliutafuta mshono wake mwenyewe ubavuni mwa ala, akakosa pa kuanzia. Uzi ulikuwa umezama, ngozi imefunga juu yake kama kidonda kilichopona. Alipoinama kutazama vizuri, *kach* ya pili ikalia, nyundo ikavutwa mpaka mwisho, na mdomo wa mtutu ulikuwa chini ya ziwa lake la kushoto.

Fundi hakungoja ushauri. Aliinyakua, akaipitisha kwenye mkanda wake, akafunga.

Nyundo ikarudi polepole mahali pake. Harufu ikaisha. Mke alimwangukia mumewe kifuani akalia kwa sauti, na mjane akaokota blanketi lake, akaondoka bila kuaga.

Kwa majuma mawili fundi alioga nayo, akalala nayo. Aliinamia upande mmoja akitembea, na watu walimtania kwamba amekuwa polisi. Kila mkewe alipomwomba aivue walau wakati wa kula, alisema, "Bora mimi nichoke kuliko wewe ufe." Ndipo mchana mmoja, fundi aliposinzia kwenye kiti dukani, mkewe akapiga magoti kando yake na kuinua shati. Alipitisha kidole ili aachanishe ala na kiuno. Kidole hakikupata mahali pa kupita. Ngozi ya ng'ombe ilikwisha, ngozi ya mumewe ikaanza, na katikati hapakuwa na mpaka.

Akatia ncha ya kisu na kukata kidogo.

Fundi alipiga ukelele akiwa bado usingizini. Damu ikatoka pale ngozi ilipokatwa, ya moto, nyingi, ikamwagika mapajani mwa mkewe. Aliziba kwa kiganja, ikapita kati ya vidole. Aliziba kwa sweta, sweta likalowa. Mumewe akafumbua macho, uso umempauka.

"Nimekosa nini?" akauliza taratibu, kama mtoto. "Mbona unaniua?"

 Mke alinyoosha mkono mezani, akachukua sindano, akatunga uzi wenye nta, na kwa mshono wake ule wa karibukaribu akaanza kumshona mumewe.